Mwalimu Mgeni Anapoomba Uongozi

Somo kwa vikundi vya masomo katika vyama vya msingi



Shabaha ya somo hili ni kukusaidia kujibu swali ambalo huzuka karibu kila msimu wa uchaguzi katika vyama vyetu. Mtu aliyetoka mkoa mwingine, au hata nchi nyingine, amekuja kufundisha shule iliyo jirani. Amekaa, amejenga, amelima, amejiunga na chama. Sasa anaomba kura ili aingie kwenye bodi. Upande mmoja wa ukumbi unasema, "Huyu ni mgeni, hatumjui kwao." Upande wa pili unasema, "Huyu ni msomi, tumpe tu." Pande zote mbili zinaweza kukipotosha chama. Tutaeleza kwa nini, na tutatazama watu ambao historia imewaandika: walimu, na baadhi yao wageni, waliopanda hadi kwenye viti vya kuchaguliwa, kikiwamo kiti cha meya.

Swali hili si geni kwetu wa Singe. Kata yetu imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati, na eneo la Babati limejazwa na watu wa safari. Wagorowa ndio wenyeji wa zamani. Wairaqw walishuka kutoka nyanda za Mbulu kutafuta ardhi ya kulima na malisho. Warangi walipanda kutoka Kondoa. Baadaye wakaja Wanyaturu, Wachaga na wengine wengi, ama kwa biashara, ama kwa kazi ya serikali. Tukimwita mgeni kila mtu ambaye babu yake hakuzikwa hapa, watakaobaki kupiga kura katika mikutano yetu mikuu watakuwa wachache mno.

1. Meya ni nani, na hupatikanaje?

Kwanza tuelewane juu ya cheo chenyewe. Kwa sheria za Tanzania, halmashauri ya jiji na ya manispaa huongozwa na meya. Halmashauri ya mji, kama hii yetu ya Babati, na halmashauri ya wilaya, huongozwa na mwenyekiti. Jina ni tofauti, lakini njia ni moja. Wananchi huchagua diwani wa kata, kisha madiwani hukutana na kumchagua mmoja miongoni mwao awaongoze. Meya haajiri wala halipi mishahara; kazi za utendaji ziko mikononi mwa mkurugenzi na watumishi wake. Meya huongoza vikao na kusimamia maamuzi ya baraza.

Mwanachama atatambua mara moja kwamba mpangilio huu unafanana na wa chama chake. Mkutano mkuu ni sawa na wapiga kura. Bodi ni sawa na baraza la madiwani. Mwenyekiti wa bodi ni sawa na meya, na meneja au katibu ni sawa na mkurugenzi. Kwa hiyo mtu anayejifunza jinsi meya mwema anavyopatikana hujifunza pia jinsi ya kumpata mwenyekiti mwema wa chama.

Wengi wetu tumeingia katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha bila kujiuliza jina hilo ni la nani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mshairi na mwalimu wa dini, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika aliongoza mji ulio kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, na mji haukuharibika kwa sababu hiyo.

2. Mama Barbro: mgeni aliyeanza na kazi

Sasa tutazame mgeni wa kweli, aliyetoka ng'ambo. Barbro Johansson alizaliwa Malmö, Sweden, mwaka 1912. Mwaka 1946 alifika Tanganyika kufundisha chini ya misheni ya Kilutheri katika sehemu za Bukoba. Huko, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, aliiasisi shule ya wasichana ya Kashasha. Tukumbuke kwamba wakati ule wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni hasara, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwashawishi vinginevyo. Mwalimu huyu alichagua kazi ngumu, na akaifanya kwa miaka mingi kabla hajaomba kura ya mtu yeyote.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959 ulikuwa na sharti gumu. Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. Wanachama wengi wa TANU walitaka chama kisusie. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki. Hivyo ilikuwa lazima TANU itafute Wazungu na Waasia ambao wananchi wangeweza kuwaamini. Barbro Johansson alikuwa mmoja wa waliopatikana. Aliingia katika Baraza akiwa mwakilishi kutoka Kanda ya Ziwa, na baada ya uhuru aliendelea kuwa mbunge.

Hapa kuna jambo la kuzingatia sana. Wakati ule TANU ilikuwa haijafungua uanachama kwa watu wasio Waafrika. Kwa hiyo wagombea hao hawakuwa na kadi ya chama iwatetee. Hawakuwa na ukoo, wala kabila, wala kaburi la babu. Walikuwa na jambo moja tu la kuonyesha, nalo ni yale waliyokwisha kuyatenda mbele ya macho ya watu.

Hata sisi wa Babati tulipitiwa na uchaguzi huo. Wakati huo Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini. Miongoni mwa waliochaguliwa kuliwakilisha jimbo hilo mwaka 1958 alikuwa Bibi Sophia Mustafa wa Arusha, mzaliwa wa India aliyekulia Kenya. Yeye hakuwa mwalimu, lakini alikuwa mgeni na alikuwa mwanamke. Wazee wetu waliotimiza masharti ya kupiga kura walitakiwa kuamua juu ya jina lake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kumpigia kura mgeni ni desturi iliyoletwa jana.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Barbro Johansson alichukua uraia wa Tanganyika. Hatua hiyo ina uzito mkubwa. Mtu mwenye pasipoti ya nchi tajiri anaweza kusema vizuri leo na kuondoka kesho mambo yakiharibika. Aliyechukua uraia amefunga mlango wa nyuma; shida ya nchi imekuwa shida yake. Katika miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa Shule ya Wasichana ya Tabora, na baadaye alitumikia ubalozi wa Tanzania huko Stockholm, katika nchi aliyozaliwa, safari hii akiisemea Tanzania. Alifariki mwaka 1999. Shule ya wasichana iliyoko Luguruni, Dar es Salaam, ina jina lake.

3. Kisumu: mwalimu aingia kiti cha meya

Mama Barbro alikwenda bungeni. Hakupata kuwa meya. Ili tumwone mwalimu akipita njia ya udiwani mpaka kwenye umeya, tuvuke Ziwa Viktoria hadi Kisumu, Kenya. Grace Onyango hakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Alizaliwa katika sehemu hizo hizo za Nyanza. Lakini aliingia katika ukumbi ambao wanawake walikuwa hawajazoea kukalia viti vyake, na humo alihesabiwa mgeni kwa namna yake.

Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa diwani. Kiti cha meya wa Kisumu kilipokuwa wazi mwaka 1965, madiwani wenzake walimchagua yeye, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Mwaka 1969 wapiga kura wa mji huo walimpeleka bungeni, naye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge nchini humo. Alishika kiti hicho hadi mwaka 1983. Alifariki mwaka 2023.

Mwanachama atazame mfuatano wa hatua hizo: darasa, kata, meza ya meya, bunge. Kila ngazi ilikuwa mtihani wa ngazi iliyofuata. Katika kila hatua walikuwapo watu waliomwona akifanya kazi ndogo kabla ya kumkabidhi kubwa.

4. Leicester: mji uliosema msije

Mfano wa tatu unakusanya mambo yote pamoja: mgeni, mwalimu, diwani, meya. Unaanzia Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 27,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester, ambao tayari ulikuwa na Waasia wengi, iliogopa kwamba shule, nyumba na hospitali zake zingezidiwa. Ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi watu hao wasiende Leicester. Maelfu walikwenda hata hivyo. Wakafungua maduka, wakaajiriwa viwandani, wakapeleka watoto shuleni.

Katika mji huo huo alikuwapo Bibi Manjula Sood, mzaliwa wa India, aliyefika mwaka 1970 kumfuata mumewe. Alipata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, na akawafundisha watoto wa mji uliokuwa ukibadilika mbele ya macho ya watu. Mumewe alikuwa diwani. Alipofariki mwaka 1996, Bibi Sood aligombea nafasi hiyo na kuchaguliwa. Mwaka 2008 madiwani walimkalisha katika kiti cha umeya wa heshima wa Leicester, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiasia kushika cheo cha namna hiyo nchini Uingereza. Umeya huo ni wa mwaka mmoja na hauna mamlaka makubwa ya utendaji. Hata hivyo, tupime safari yenyewe: baraza lililolipia tangazo la kuwazuia wageni mwaka 1972, miaka 36 baadaye lilimweka mwalimu mhamiaji katika kiti chake cha mbele.

Hofu ya wenyeji wa Leicester haikuwa ya uongo mtupu. Madarasa yalikuwa machache kweli, na nyumba pia. Kosa lao lilikuwa kupima watu kwa hofu kabla ya kuwapima kwa kazi. Na dawa ya hofu hiyo haikuwa hotuba, bali miaka ya kuishi pamoja.

5. Yanayotuhusu sisi wanaushirika

Wahenga wetu wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huelezwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande wa pili unaomhusu mwenyeji. Ukikwisha kumpa jembe, na akalima, huna haki tena ya kumwita mgeni wakati wa kugawana mavuno. Hili ndilo fundisho kuu la somo letu: ugeni huondolewa na kazi, na kura huja baada ya hapo.

Ushirika ulijengwa juu ya msingi huo tangu mwanzo. Waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waliweka kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake. Kanuni za ushirika za kimataifa, ambazo zilithibitishwa upya mwaka 1995, zinaanza na uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote bila ubaguzi, kisha zinafuata na udhibiti wa kidemokrasia wa wanachama. Aliyeleta magunia 10 ya mbaazi na aliyeleta magunia 100 wana kura sawa. Basi itakuwaje aliyezaliwa Singe awe na haki kubwa kuliko aliyehamia Singe, ikiwa wote wamelipa kiingilio na hisa, na wote wanauza kupitia chama?

Lakini somo hili lisigeuzwe kuwa sababu ya kumpa uongozi kila mwenye chaki. Mwalimu ana sifa mbili zinazohitajika mno vijijini: anajua kuandika kumbukumbu, na anajua kueleza jambo mpaka likaeleweka. Sifa hizo hizo zina hatari yake. Wanachama huona raha kumwachia daftari mtu anayelijua, wao wakarudi mashambani. Baada ya misimu miwili hakuna anayeuliza tena. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaweza kuongeza kwamba daftari linalosomwa na mtu mmoja ni sawa na kutokuwapo daftari.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Mwaka 1966 tume maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika Tanzania. Iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa haki na wajibu wao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, kwamba demokrasia ilikuwa dhaifu hasa katika ngazi ya vyama vikuu, na kwamba siasa iliingilia shughuli za vyama. Kasoro hizo hazikutibiwa zikaisha. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za mazao. Serikali za mitaa nazo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kuanzia mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha vyote viwili. Mkulima wa miaka hiyo alipoteza kwa wakati mmoja diwani wake na chama chake kikuu. Kiti cha kuchaguliwa, kiwe cha meya au cha mwenyekiti wa chama, hakilindwi na yule anayekikalia peke yake. Hulindwa na wale wanaouliza maswali.

6. Vipimo vinne vya mgombea

Kutokana na mifano tuliyoitazama, tunapendekeza kila chama kimpime mgombea, mwenyeji au mgeni, kwa vipimo vinne vifuatavyo.

(a) Uanachama halali. Je, jina lake limo katika rejista? Amelipa kiingilio na hisa? Je, ametimiza sifa zilizowekwa na sheria na masharti ya chama? Barbro Johansson aliukamilisha uhusiano wake na nchi kwa uraia. Mgombea wetu naye aukamilishe uhusiano wake na chama kwa kufuata taratibu. Mwenye deni la pembejeo alilolikimbia asisimame mbele ya wenzake kuomba imani.

(b) Kazi iliyoonekana. Tusimwulize atafanya nini. Tumwulize amefanya nini. Msimu uliopita aliuza mazao yake kupitia chama, au aliyapeleka usiku kwa mchuuzi wa pembeni? Alihudhuria mikutano mikuu mingapi? Aliwahi kusaidia kupima mazao ghalani au kuwafundisha wenzake kusoma stakabadhi?

(c) Dhamana. Ana nini hapa kitakachoumia chama kikiumia? Shamba, nyumba, watoto shuleni, jina lake mwenyewe? Mtu anayengoja uhamisho mwezi ujao anaweza kuwa mwanachama mwema, lakini uongozi wa miaka kadhaa unahitaji mtu atakayekuwapo siku ya kujibu hoja za wakaguzi.

(d) Utayari wa kukaguliwa. Huyu anapoulizwa juu ya fedha hukasirika, au hufungua daftari? Kiongozi anayesema "hamniamini" kila anapoombwa hesabu amekwisha kutujibu.

Katika vipimo hivi hamna kabila, hamna dini, hamna mahali pa kuzaliwa. Hamna pia ufasaha wa maneno wala idadi ya vyeti. Mwenyeji aliyezaliwa hapa akipungukiwa na vipimo hivi, akataliwe kwa heshima. Mgeni akivitimiza, apewe jembe la uongozi, kisha asimamiwe kama wengine.

Neno moja la tahadhari juu ya siasa. Njia ya kutoka ualimu hadi udiwani ni halali, na raia yeyote mwenye sifa ana haki ya kuifuata. Ila bodi ya chama isifanywe ngazi ya kupandia. Tume ya mwaka 1966 ilikwisha kutuonyesha madhara ya siasa kuingia ghalani. Mwanachama anayetaka udiwani asome kwanza sheria na masharti ya chama yanasema nini juu ya kushika nafasi zote mbili, naye aende kwa wananchi kwa jina lake mwenyewe, si kwa fedha wala kwa lori la chama.

7. Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila kikundi cha masomo kikutane angalau mara moja. Msomaji mmoja asome somo hili kwa sauti, wengine wajadili maswali yafuatayo, na katibu wa kikundi aandike majibu ili yapelekwe kwenye bodi.

1. Katika chama chetu, wanachama wangapi walihamia hapa kutoka mahali pengine? Wangapi kati yao wamewahi kuchaguliwa kuwa viongozi? Kama hakuna, ni kwa sababu gani?

2. Wananchi walimchagua Barbro Johansson wakati chama kilichomuunga mkono kilikuwa hakijaruhusu watu kama yeye kuwa wanachama. Je, waliangalia nini?

3. Hofu ya halmashauri ya Leicester ya mwaka 1972 ilikuwa na ukweli gani, na ilikuwa na kosa gani? Je, sisi tuna hofu ya namna hiyo juu ya ardhi, ghala au pembejeo? Tuitaje waziwazi.

4. Chukueni vipimo vinne vya sehemu ya 6. Bila kutaja jina la mgombea yeyote, jadilini ni kipimo gani chama chetu hukisahau mara nyingi.

5. Mbali na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ni wanachama wangapi wanaoweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuieleza kwa wenzao? Tufanye nini ili idadi hiyo iongezeke kabla ya msimu wa mbaazi?

Swali la mwisho lisiachwe. Mwalimu mgeni tutakayemchagua, au mwenyeji tutakayemchagua badala yake, ataongoza vizuri kadiri ya wanachama wanaoweza kulisoma daftari lake.